Maji Kifuani mwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba

Wagonjwa thelathini na wanane. Kumi na mmoja kikohozi, wanne kuhara, mmoja ameumwa na punda. Chakula cha mchana sikukiona. Mzee mmoja mchuma chai aliingia anahema, nikamgonga mgongo kwa kidole. Juu sauti ya debe tupu, chini sauti ya debe lililojaa. Nikajua kuna maji. Eksirei ikasema hivyo hivyo. Miaka kumi na minne nikiwa ofisa wa kliniki, na hiyo gonga-gonga ndiyo kazi ninayojivunia.

Jioni Chelangat alininyooshea simu yake. Nilirudi nyuma kama nimeonyeshwa nyoka. Kwenye simu alikuwa mama yake, na kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei hivyo. Hawasalimiani kwa mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Vijana wa siku hizi wameanza kulegeza, lakini yule mama wa Kiptere hajalegeza hata uzi mmoja. Miaka kumi na miwili ya ndoa na sura yake naijua kwa upande.

Kwa hivyo mke wangu akawa mkalimani. Mama anahema. Akitoka kwenye majani chai kwenda nyumbani anasimama mara mbili. Miguu imevimba, viatu vya kanisa havimwingii. Akilala chali anakabwa.

Nikasema aletwe hospitalini. Sauti ikatoka kwenye simu kwa Kikipsigis, nikaisikia nikiwa mlangoni: hospitali ya mkwe haendi, afadhali afe akiwa amevaa nguo.

Basi. Nikasema ni moyo. Miguu, kukabwa akilala, miaka sitini na minne, presha asiyotaka kupimwa. Nikaagiza tembe za kutoa maji, mbili asubuhi na moja saa nane mchana. Kaka yake Chelangat, Kipkorir, atanunua. Sikumgonga mgongo. Sikumsikiliza moyo. Nimemwandikia mtu dawa kama anayeagiza mbolea.

Si vizuri. Lakini angalau atameza kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Mkutano wa wafanyakazi. Mkuu wa hospitali amevaa miwani, kwa hivyo tulijua kuna barua. Akasoma: mfanyakazi yeyote atakayemtibu jamaa yake kwa simu, bila faili, bila kumwona, atajieleza mbele ya kamati. Inasemekana kuna mtu wa kituo kingine aliyemwagizia binamu yake sindano, binamu akafa.

Niliangalia sakafu. Kuna kigae kimoja kimepasuka karibu na mlango. Nakijua sasa kuliko sura ya mtoto wangu.

Chelangat anasema Mama anakojoa sana. Ameniambia hivyo akicheka na kuona haya kwa wakati mmoja. Miguu inaanza kushuka.

Ijumaa, 5 Septemba

Miguu imeshuka kabisa! Viatu vimeingia. Nilifurahi nikamnunulia Chelangat nyama ya kuchoma pale Kaplong. Akaniita profesa. Nikakubali jina.

Pumzi bado, lakini. Anasema upande wa kulia kuna kitu kimekaa. Nikasema kitaisha. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ningekuwa na mgonjwa mwingine yeyote ningemvua shati hapo hapo.

Jumapili, 7 Septemba

Mama ameanguka kanisani. Walikuwa wamesimama kwa wimbo, akakaa, kisha akainama. Kipkorir akampakia kwenye pikapu ya majirani na hakuuliza mtu. Amemleta kwetu. Nilikuwa zamu.

Niliona pikapu ikiingia getini na nikakimbia. Naandika ukweli. Nilikimbia nyuma ya tangi la maji nikasimama hapo na stethoskopu shingoni kama mwizi wa kuku. Mgonjwa anayehema, na mimi nimejificha. Kwani ningefanya nini? Nimguse?

Daktari Wanjiru alimpokea. Ni binti wa watu wa maduka kule Kericho mjini, hana miaka thelathini, mkali kidogo, makini sana. Akamlaza wodi ya wanawake. Kisha akaniita kwenye chumba cha picha bila kujua ni nani kwangu. Eksirei ilikuwa ukutani. Pafu la kulia nusu nzima nyeupe, kushoto safi. Ukingo wa moyo haueleweki, maji yameufunika. Nikasoma jina chini ya picha ingawa nililijua. Mbavu za mama mkwe nimeziona kabla ya uso wake.

Nikamwambia ni mama ya mke wangu. Akasema pole, na kwamba basi nisiguse faili. Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka mno.

Kisha Chelangat alinisimulia yaliyotokea kitandani. Daktari aliuliza: unatumia dawa yoyote? Mama akasema hapana. Miguu imewahi kuvimba? Ilivimba kidogo, ikapona yenyewe. Chelangat alikuwa amesimama pale pale na hakufungua mdomo. Mama alimkazia macho. Ananilinda. Mama ambaye hawezi kunipa mkono amesema uongo kwa daktari ili nisipate aibu.



Jumatatu, 8 Septemba

Wamemtoa maji kwa sindano ya mgongoni. Lita moja hivi. Rangi ya chai ya rangi, ile nyepesi ya mara ya pili. Alipumua vizuri saa chache. Kirui wa maabara alishika chupa juu ya dirisha akasema, haya si usaha, haya si damu, tushukuru.

Nijikumbushe, maana kichwa kimechafuka. Maji ya kifuani ni ya aina mbili. Kuna yale yanayosukumwa nje kwa sababu ya mgandamizo: moyo umechoka, au ini, au figo. Hayo ni mepesi, ngozi ya pafu yenyewe haina kosa. Kuna yale yanayovuja kwa sababu ngozi ya pafu yenyewe inaumwa: TB, nimonia, saratani. Hayo ni mazito, yamejaa protini. Macho hayawezi kutofautisha. Unapima protini ya maji, unapima ya damu, unagawanya. Ikizidi nusu, ni maji ya ugonjwa wa pale pale. Ukikosea hapo, umekosea kila kitu kinachofuata.

Ya Mama: maji thelathini na nne, damu sitini na mbili. Imepita nusu kidogo tu, kama mtoto aliyefaulu mtihani kwa alama moja. Kipimo kile kingine, cha kimeng'enya cha LDH, pia kimeruka mstari kidogo. Seli nyingi ni zile ambazo TB huzipenda, ingawa hata moyo huzileta.

Daktari Wanjiru ameandika kwenye faili: si moyo. Miguu haijavimba. Maji mazito. Anafikiria TB, na kama si TB, saratani. Kipimo cha TB kinatoka Alhamisi. Vyovyote kitakavyosema anataka kuanza dawa za TB, kisha ampeleke hospitali kubwa wakakate kipande cha ngozi ya pafu. Na kwa sababu figo zinaonyesha mwili umekauka, ameagiza dripu ya maji ya chumvi.

Umekauka kwa sababu ya tembe zangu.

Sikusema.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefungua kitabu changu cha chuo. Ukurasa umechafuka na chai ya zamani. Imeandikwa, nilikuwa najua imeandikwa. Mgonjwa wa moyo akipewa dawa ya kutoa maji siku kadhaa, maji ya kifuani hupungua lakini protini hubaki nyuma. Ni kama sufuria ya supu iliyosahauliwa jikoni. Yanakuwa mazito. Ukipima, yanajifanya maji ya ugonjwa. Njia ya kuyafichua ipo: pima albumini ya damu, ile protini kuu, toa albumini ya maji. Tofauti ikiwa kubwa, zaidi ya kumi na mbili, ni moyo. Kipimo cha dakika ishirini. Kirui anacho.

Lakini hakuna anayekifanya kama hajui kuna tembe zilizomezwa. Na anayejua ni mimi, mke wangu, shemeji yangu na mgonjwa. Wanne. Wote kimya.

Nilikwenda maabara. Nikamwambia Kirui, hebu fanya albumini ya yale maji ya jana, yamebaki. Akasema, karatasi iko wapi? Nikasema ni kitu cha haraka tu. Akanitazama. "Bwana Kibet, si uliambiwa usiguse lile faili?" Nikacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyeshikwa. Nikatoka.

Sababu zangu nizitaje zote, niziangalie. Kwanza, kamati. Nina mikopo, nina watoto watatu. Pili, Daktari Wanjiru ananiheshimu. Tatu, na hii ndiyo nzito kuliko zote, ingawa mtu wa mji angeicheka. Nikisema, lazima niseme kwamba nilijua miguu yake. Kwamba nilijua anakojoa mara ngapi. Mkwe anayezungumza mkojo wa mama mkwe mbele ya watu. Huko Chebunyo kwetu wangesema nimelaaniwa, na huko Kiptere wangekubali.

Dripu ya kwanza imeisha. Wameweka ya pili.

Jumatano, 10 Septemba

Naanza kuandika hii chooni mwa wafanyakazi kwa sababu ndipo pekee penye mlango unaofungika.

Pumzi ziko thelathini na nne kwa dakika. Jana zilikuwa ishirini na sita. Analala amekaa. Sista anasema anakohoa povu kidogo. Povu! Daktari Wanjiru amezunguka kitanda mara mbili, amesikiliza kifua, ana wasiwasi, nimeuona. Anasema ugonjwa unakimbia. Amesema kama ni saratani basi imefika mbali. Mashine ya kuangalia moyo ipo, lakini fundi wake huja Ijumaa tu, na kwa nini amwangalie moyo mtu ambaye maji yake yamesema si moyo?

Ugonjwa haukimbii. Ni sisi tunamjaza maji. Anazama kitandani, chupa kwa chupa, na mimi napita nje ya dirisha nikihesabu matone.

Kipkorir alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mama hakuweza kunywa. Ameambiwa labda ni TB, kwa hivyo tayari ametenga kikombe chake na sahani yake, na ametuma ujumbe wajukuu wasiletwe, asiwaambukize. Namalizia nyumbani. Binti yetu Cheruto, ambaye anamwita Kogo, yaani nyanya, na kulala kitandani kwake kila likizo, amelia tangu saa kumi. Anauliza Kogo amemkasirikia kwa nini.

Saa mbili usiku Chelangat aliacha mwiko ndani ya sufuria ya ugali. Anafundisha Kiswahili darasa la nane, na akikasirika anakuwa kitabu.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Sema wewe ama niseme mimi."

Nikasema kesho.

"Kesho ni ya nani?"

 Akaendelea kukoroga ugali. Aliukoroga kwa hasira hadi mwiko ukalia.

Na mimi nina hasira naye pia. Alikuwa amesimama pale kitandani Jumapili. Angesema yeye. Halafu najiuliza, hivi kweli nataka mke wangu anisemee mbele ya daktari kama mtoto aliyevunja kikombe? Mimi ni mwoga. Neno si lingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesema.

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi. Daktari Wanjiru yuko kitandani kwa Mama na sista. Chupa ya tatu imetundikwa. Kipkorir amesimama upande wa kichwa. Niliingia wodi ya wanawake. Sikuwa nimeingia humo tangu alazwe Jumapili. Mama aliniona, akavuta leso hadi machoni. Hata katika hali ile. Anapigania hewa na bado anatafuta leso.

Nilitaka kumwita daktari pembeni. Mdomo ulikataa kungoja. Nikasema pale pale, nikiangalia dripu na si mtu.

"Daktari, alikuwa anameza tembe za kutoa maji. Siku tano kabla ya kuja. Mimi ndiye niliyempa. Miguu ilikuwa imevimba, akakojoa sana, ikashuka. Hayo maji yamekuwa mazito kwa sababu ya tembe. Nafikiri ni moyo."

Ilikuwa imetoka. Yote, pamoja na mkojo. Sista aligeuka kuangalia ukuta. Kipkorir alisema "Wueh" kwa sauti ya chini na kutazama dari. Chini ya leso Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nimeisikia siku nzima.

Daktari Wanjiru hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifunga dripu kwa mkono wake mwenyewe, gurudumu hadi mwisho. Akauliza, tembe ngapi, saa ngapi, ya mwisho lini. Nikajibu. Akaandika. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Ungeniambia Jumapili." Basi.

Kirui alifanya albumini. Karatasi ilikuwapo safari hii. Damu thelathini na sita, maji ishirini na moja. Tofauti kumi na tano. Nilikuwa nje ya dirisha la maabara, akaniinulia karatasi kwenye kioo.

Moyo.

Saa tano alichomwa dawa ya kutoa maji kwenye mshipa. Oksijeni. Sikurudi wodini, sikustahili, lakini sista mmoja mwenye huruma alikuwa akipita na kuniambia namba. Saa saba, thelathini. Saa tisa, ishirini na sita. Mfuko wa mkojo umebadilishwa mara mbili. Saa kumi na moja alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi.

Kipimo cha TB kimetoka: hakuna. Dawa za TB hazikuwa zimeanza. Dripu zilikuwa zimeanza. Chupa mbili na robo, zote ningezizuia kwa sentensi moja.

Nimelia ndani ya ghala la magodoro. Hakuna aliyeniona ila paka.

Ijumaa, 12 Septemba

Fundi wa mashine ya moyo amekuja. Moyo umepanuka na unapiga kwa uvivu. Presha ya miaka mingi, anasema. Maji upande wa kushoto pia yapo, kidogo, hayakuonekana kwenye picha ya kwanza. Upande wa kulia umepungua.

Nilimsubiri Daktari Wanjiru nje ya ofisi yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinikatiza.

"Ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza," akasema. "Ungekuwa sahihi hata kwenye matanga."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba na yeye angeuliza vizuri zaidi. Mtu wa umri ule, figo zimekauka ghafla, miguu imepona "yenyewe". Alipaswa kushuku. Alisema hivyo akiwa amechoka sana. Ni msichana mdogo, jamani. Alikuwa anajilaumu kwa kosa langu.

Na kuhusu kuwa sahihi. Hapana. Nilibahatisha. Ningekosea, ningekuwa nimeficha TB chini ya miguu iliyonywea na kujiita profesa huku nikila nyama. Kati ya kumi ninaowaona wakihema, moyo ni baadhi tu. Yule mchuma chai wa Jumatatu ya tarehe moja, niliyemgonga mgongo, maji yake yametoka na TB. Kwa kuhema huwezi kuwatofautisha. Mgeni nilimvua shati. Wangu nilimtibu kwa simu.

Jumatatu, 15 Septemba

Kamati. Watu watano na chupa ya maji mezani. Nilieleza yote. Mmoja aliuliza kwa nini sikumpima mwenyewe. Wanne kati yao ni Wakipsigis, wakaangalia karatasi zao. Wa tano ni mtu wa kutoka kwingine, akarudia swali. Nikasema ni mama mkwe. Akasema, kwa hivyo? Mkuu wa hospitali akakohoa na kumwambia atamweleza baadaye.

Barua ya onyo. Miezi mitatu chini ya uangalizi, kila ninachoandika kisainiwe na daktari. Nilitegemea kufukuzwa. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi pamoja na wagonjwa wa meno.

Nilichosema mwishoni, wameandika. Kwamba hospitali iwe na utaratibu: jamaa wa mfanyakazi akija, mfanyakazi aulizwe peke yake, pembeni, kama amempa kitu. Na mgonjwa aulizwe na mtu asiye wa kwao. Mkuu aliuliza kama najaribu kujitetea. Nikasema hapana. Labda ndiyo, kidogo.

Jumatano, 17 Septemba

Mama ameruhusiwa. Nilikuwa ndani ya chumba changu, mlango umefungwa, kwa makusudi, ili apite varanda bila shida. Nilisikia viatu vyake. Havikusimama mahali popote.

Kipkorir haongei nami. Amemwambia Chelangat kwamba huko nyumbani jambo limefika. Mkwe alimvua mama nguo mbele ya watu kwa mdomo. Wengine wanasema alimponya. Mzozo upo. Chelangat amewajibu kwamba waamue wanataka mama mwenye aibu au mama mwenye kaburi. Sikumtuma aseme hivyo. Nimempenda sana leo.

Mimi mwenyewe sijui. Nikilala naisikia ile sauti ya chini ya leso. Ningesema Jumapili, pembeni, kwa daktari mmoja, isingetoka. Heshima niliyokuwa naogopa kuivunja, niliivunja vibaya zaidi kwa kuchelewa.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kokote. Nimepasua kuni, nimeosha mitungi ya maziwa, nimemsaidia Cheruto hesabu za kugawanya.

Chelangat alikwenda Kiptere na watoto wote watatu, akarudi saa kumi. Wanaruhusiwa tena. Cheruto amekula kwenye sahani ya Kogo. Mama anatembea polepole hadi ng'ombe na kurudi, anameza tembe zake kwa saa, ameweka kalenda ukutani na anakata siku kwa mkaa. Pumzi nzuri. Hakukabwa. Kliniki ya Daktari Wanjiru ni tarehe moja mwezi ujao.

Nilingoja. Nilijua kuna jambo, Chelangat alikuwa anakunja leso moja mara ya tatu.

Kisha akaniambia ujumbe, kama ulivyotumwa. Mama amesema: yule wa Chelangat asinipimie dawa tena, hata panadol. Dawa nitachukua kwa daktari. Kwake nitachukua salamu.

Nikauliza, basi? Akasema, basi. Lakini nilimwuliza kama kweli Mama atazipokea salamu zangu au anasema tu.  Akasema Mama alingoja kidogo pale mlangoni, kisha akauliza kama huku kwetu kumenyesha.

Nikamwambia aijibu salamu hiyo, kwamba kumenyesha.

Akachukua simu akamwambia.